Shajara ya mradi: kujenga ustahimilivu wa timu katika wodi ya magonjwa ya ndani

Shajara hii nimeiweka kwa ajili ya wauguzi wafawidhi, madaktari na wakuu wa idara wanaotaka kufanya kazi kama hii katika wodi zao. Mimi ni muuguzi mfawidhi wa wodi ya magonjwa ya ndani ya watu wazima, yenye vitanda 28 na watumishi 34: wauguzi 21, madaktari 6 na wahudumu wa afya 7. Gharama nimeziandika kwa saa za kazi, ili kila wodi iweze kuzilinganisha na hali yake. Hatua za kawaida, kama kuomba vibali na kupanga vikao, nimezipitia haraka. Makosa nimeyaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yaliyotufundisha.

5 Januari: Tulipoanzia

Kilichonisukuma ni usiku mmoja wa Desemba. Mgonjwa alifariki saa tisa usiku baada ya timu kuhangaika naye kwa dakika 40. Nilipofika alfajiri nilimkuta muuguzi aliyekuwa akimkandamiza kifua mgonjwa yule akivuta dawa ya mgonjwa wa kitanda cha jirani, na sindano ilikuwa ikigongagonga shingo ya kichupa kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado inatetemeka. Nilimwuliza, "Sista, umekaa hata kidogo tangu saa tisa?" Akanijibu, "Nikikaa, nani atatoa dawa?" Mwezi huohuo wauguzi 2 waliomba uhamisho.

Kabla ya jambo lolote tulikubaliana maana ya neno. Kwetu, ustahimilivu wa timu ni uwezo wa watu wanaofanya kazi pamoja kupokea mshtuko au mzigo mzito, kuendelea kumhudumia mgonjwa kwa usalama, na kurudi katika hali yao ya kawaida bila kumwacha mwenzao akiwa ameumia. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uchovu wa kazi uliokithiri kuwa hali inayotokana na kazi, wala si ugonjwa, na linaueleza kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa vizuri. Maelezo hayo yanatutaka tuitazame kazi yenyewe. Sisi, kama itakavyoonekana hapa chini, tulianza kwa kuwatazama watu.

12 Januari: Kupima, na kosa la kwanza

Kipimo kinachojulikana zaidi katika uwanja huu ni dodoso la Christina Maslach na Susan Jackson la mwaka 1981, lenye kauli 22 zinazogusa mambo matatu: kuishiwa nguvu kihisia, kuwaona wagonjwa kama vitu badala ya watu, na kuhisi kwamba kazi yako haina mafanikio. Matumizi yake yanahitaji kibali cha kulipia, nasi tulihitaji kitu ambacho mtu angekijaza kwa dakika 2 akiwa amesimama. Tuliandika maswali 5 mafupi, likiwemo hili: "Katika zamu yako iliyopita, ulipata walau dakika 20 za kukaa bila kuitwa?"

Kosa lilikuwa langu. Niligawa karatasi mwenyewe wakati wa kukabidhiana zamu na kuzikusanya mwenyewe, na karibu kila karatasi ilirudi ikisema kwamba mambo ni mazuri. Mwandiko wa watumishi wangu ninaujua, nao wanajua kwamba ninaujua. Marudio yalifanyika kwa sanduku lililofungwa kwa kufuli katika chumba cha kubadilishia nguo. Majibu yaliwekwa kwa alama ya vema tu, bila maneno, na mtumishi wa idara nyingine ndiye aliyelifungua na kuhesabu. Safari hii zaidi ya nusu walisema kwamba wamefikiria kuondoka wodini katika miezi 3 iliyopita. Anayeiga kazi hii aanze na sanduku, asianze na mkono wake.

Gharama: saa 6 za kazi, zikiwemo 3 zilizopotea.

26 Januari: Semina iliyoshindwa

Tuliandaa semina ya siku nzima kuhusu msongo wa mawazo: mazoezi ya kupumua, kutuliza misuli, kuandika mambo ya kushukuru. Mwezeshaji alikuwa hodari na mada zake zilikuwa sahihi. Watumishi 19 walihudhuria kwa saa 8 kila mmoja, yaani saa 152 za kazi, na 4 kati yao walikuwa wametoka zamu ya usiku asubuhi hiyohiyo. Mmoja alisinzia kichwa kikiwa mezani, na wenzake hawakumwamsha, jambo ambalo lilinigusa kuliko mada yoyote ya siku ile.

Wiki moja baadaye sandukuni ilikutwa karatasi ambayo mtu aliiandika kwa herufi kubwa ili mwandiko wake usitambulike: "Nilipumua vizuri. Kisha nikarudi wodini nikakuta wagonjwa 14 na mimi peke yangu." Karatasi hiyo nimeibandika ndani ya daftari langu.

Sisemi kwamba mazoezi ya kupumua hayana faida. Wapo wanaoyatumia hadi leo na yanawasaidia. Nasema kwamba tulichukua saa 152 kutoka kwa watu waliochoka ili kuwafundisha kuubeba vizuri zaidi mzigo ambao hakuna aliyejaribu kuupunguza, na wao waliusikia ujumbe huo wazi kuliko sisi tuliouandaa. Kuanzia siku hiyo tulijiwekea kanuni: kila hatua ya mradi ifanyike ndani ya saa za zamu, na ianze kwa kuuliza ni kitu gani wodini kinachowachosha watu.

16 Februari: Mapumziko na funguo za kabati

Tuliamua kuanza na mapumziko. Kwa wiki 2 tuliweka alama kwenye jedwali kila zamu ilipokwisha: je, wauguzi wote wa zamu walipumzika kwa dakika 20? Kati ya zamu 42, zamu 9 tu ndizo zilizopata alama ya ndiyo.

Jaribio la kwanza lilikuwa tangazo langu la kuwataka watu wapumzike. Halikubadili chochote kwa siku 8. Jaribio la pili lilikuwa kupanga saa za kupumzika kwenye ubao. Majina yaliandikwa, saa ikafika, watu wakabaki vitandani kwa wagonjwa. Ndipo nilipoamua kukaa wodini zamu nzima ya mchana bila kupangiwa mgonjwa, nikimfuata muuguzi mmoja kwa macho tu. Mara tatu alielekea kwenye chumba cha mapumziko. Mara tatu aliitwa kabla hajafika, na kila mara sababu ilikuwa ileile: funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa zilikuwa mfukoni mwake. Kwa utaratibu wetu funguo hizo zilikaa kwa muuguzi mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa zamu, na kwa kuwa wagonjwa wenye maumivu makali hawangoji, mtu huyo hakuweza kwenda popote. Mwenzake naye aliona haya kupumzika wakati mkubwa wake wa zamu hajakaa, na wa tatu akamfuata wa pili.

Tulizungumza na famasia. Ilichukua wiki 3 kupata idhini, na ni haki yao kuwa waangalifu, kwani dawa hizo zina sheria zake. Utaratibu uliokubaliwa ni huu: funguo hukabidhiwa katikati ya zamu kwa kuhesabu dawa pamoja na kutia saini mbili kwenye daftari, na mwisho wa mapumziko hurudishwa kwa njia hiyohiyo. Kila muuguzi pia ana mwenza wa zamu anayepokea wagonjwa wake, na makabidhiano hufuata hatua 4 zinazotumiwa katika hospitali nyingi, ambazo chimbuko lake ni jeshi la majini la Marekani: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini na pendekezo. Kwa wagonjwa 7 kazi hiyo huchukua dakika 4 hadi 6.

Gharama: daftari moja, saa 5 za vikao, na takriban dakika 10 za makabidhiano kila zamu.

9 Machi: Kikao kifupi cha mwanzo wa zamu

Nia ilikuwa kukutana wote mwanzoni mwa zamu, madaktari na wahudumu wa afya wakiwemo. Wiki ya kwanza kikao kilichukua dakika 25 na kikageuka kuwa mahali pa matangazo ya utawala; wahudumu wa afya walisimama mlangoni, na hakuna aliyewauliza neno. Tuliyaondoa matangazo yote na kuyapeleka ubaoni, tukaweka kikomo cha dakika 7, na tukakubaliana kuzungumza tukiwa tumesimama.

Kila mtu huanza kwa kutaja jina lake na kazi yake. Baadhi walilalamika kwamba tunafahamiana. Hatukufahamiana: daktari mmoja, baada ya mwaka mzima wodini, hakujua jina la mhudumu anayesukuma machela ya wagonjwa wake kila siku. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 inaitaka timu ijitambulishe kwa jina na wajibu kabla ya ngozi kukatwa, kwa sababu aliyekwisha kutoa sauti yake mara moja huona wepesi wa kuitoa tena anapoiona hatari.

Baada ya majina kuna maswali matatu: ni mgonjwa gani anayetutia wasiwasi, tumepungukiwa wapi, na nani anaingia zamu akiwa na mzigo. Swali la tatu lilishindwa kabisa. Kwa siku 11 mfululizo kila mtu alijibu kwamba yuko salama, kama tunavyojibu salamu, na nilikuwa karibu kulifuta. Aliyelirekebisha ni muuguzi mwenye uzoefu mkubwa kuliko mimi, aliyesema kwamba mtu hawezi kuutaja moyo wake mbele ya watu 9, lakini anaweza kutaja kitanda. Tukaligeuza: "Kuna kitanda ambacho leo ungependa apewe mwenzako?" Siku ya pili muuguzi mmoja alisema, "Kitanda cha 6." Hakueleza, na hatukumwuliza. Waliomjua walijua kwamba alikuwa amemzika baba yake wiki 5 kabla, na mgonjwa wa kitanda cha 6 alikuwa mzee mwenye ugonjwa uleule. Mwenzake alisema, "Nipe mimi," wakabadilishana, na kikao kikaendelea. Yote yalichukua muda mfupi kuliko ninavyoutumia kuyaandika.

30 Machi: Kosa kubwa kuliko yote

Hili ninaliandika kwa uzito, kwa kuwa lilimuumiza mtu.

Usiku wa tarehe 21 tulipoteza wagonjwa 2 ndani ya saa 3, mmoja wao akiwa kijana. Asubuhi nilizuia zamu nzima isiondoke, nikawaketisha watu 6 kwa duara na kumtaka kila mmoja aeleze alichokiona na alivyohisi. Niliamini kwamba ninafanya wema. Mtu wa tatu alianza kueleza sauti ya mama wa yule kijana, na msichana aliyekuwa karibu naye, mwenye miezi 4 tu kazini, alianza kutetemeka na kushindwa kuvuta pumzi. Hakuwa chumbani wakati wa kifo hicho. Nilimfanya asikie kile ambacho usiku wenyewe ulikuwa umemwepushia. Alikaa nyumbani siku 2.

Nilipotafuta maelezo nilikuta kwamba jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Vikao vya namna hiyo vilienea baada ya Jeffrey Mitchell kueleza utaratibu wake mwaka 1983, lakini mapitio ya tafiti ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, hayakukuta ushahidi kwamba kikao cha mara moja cha kusimulia tukio huzuia madhara ya kiakili ya baadaye, na yakashauri kwamba kuwalazimisha watu kukihudhuria kukome. Shirika la Afya Duniani nalo halikipendekezi. Nilipaswa kusoma kwanza. Nilimwomba radhi binti yule ana kwa ana, na baadaye wote sita.

Tumebadilisha mambo matatu. La kwanza, baada ya tukio zito hakuna anayetakiwa kusimulia. Tunafuata huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake wa mwaka 2011 umejengwa juu ya hatua tatu, kutazama, kusikiliza na kuunganisha: kutazama nani ametikisika na anahitaji nini, kumsikiliza anayetaka kusema, kumuunganisha na watu wake au na mtaalamu. Kwa vitendo maana yake ni maji ya kunywa, kiti, mtu wa kumpokelea wagonjwa wake, na kuhakikisha hasafiri kwenda nyumbani peke yake. La pili, mazungumzo ya kitaalamu kuhusu jinsi huduma ilivyotolewa tumeyatenga: yanahusu vifaa, muda na mgawanyo wa kazi pekee, na anayetaka kuondoka anaondoka. La tatu ni dakika moja ya ukimya kando ya kitanda baada ya kifo, desturi iliyoanzishwa na muuguzi Jonathan Bartels katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani. Yeyote aliyepo anaweza kuiomba, awe daktari au mhudumu wa usafi. Maneno ni machache: kwamba huyu alikuwa mtu mwenye watu wake, na kwamba waliomhudumia walijitahidi. Kisha tunanyamaza. Mara ya kwanza aliyeiomba ni mhudumu wa afya, akiwa na shuka mkononi, na daktari aliyekuwa ameshafika mlangoni akarudi.

27 Aprili: Wasikilizaji, na taarifa za makosa

Mwaka 2000 daktari Albert Wu aliandika kuhusu mtoa huduma anayeumia baada ya kosa au tukio baya, akimwita mwathirika wa pili, na mwaka 2011 hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani ilianzisha mpango wa watumishi wanaowasaidia wenzao. Tuliiga wazo hilo kwa kiwango cha wodi: watu 4 ambao mwenzao anaweza kuwafuata wakati wowote.

Niliwateua mimi, nikichagua wakubwa wenye busara. Kwa wiki 3 hakuna aliyewafuata, kwa sababu watu haohao ndio wanaojaza fomu za tathmini ya utendaji. Tukapiga kura ya siri kwa swali moja: "Siku mbaya, unamwendea nani?" Waliochaguliwa ni mhudumu wa afya mmoja, wauguzi 2 vijana na daktari mmoja mkimya ambaye nisingemfikiria kamwe. Walipata mafunzo ya siku 2 kutoka kwa mtaalamu wa afya ya akili, na mipaka ikaandikwa: hawaandiki kumbukumbu, hawatoi ripoti kwangu, na siri huvunjwa tu pale maisha ya mtu au usalama wa mgonjwa unapokuwa hatarini. Mwezi wa kwanza mmoja wao alielemewa, kwani watu 7 walimfuata yeye peke yake. Sasa wasikilizaji wenyewe hukutana na yule mtaalamu kila baada ya wiki 2, na yeyote anaweza kupumzika nafasi hiyo kwa mwezi bila kueleza sababu.

Gharama: saa 64 za mafunzo, na saa 4 kila kikao cha wasikilizaji.

Katika mwezi huu pia utawala uliniita kuuliza kwa nini taarifa za makosa ya dawa kutoka wodini kwetu zimeongezeka. Niliogopa kwamba mradi ungesimamishwa. Niliwaeleza utafiti wa Amy Edmondson wa mwaka 1996, ambao ulikuta kwamba idara za hospitali zenye uongozi na uhusiano bora zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi ya dawa, kwa kuwa watu wake walikuwa tayari kuyataja. Nilipeleka pia taarifa zenyewe: nyingi zilikuwa za makosa yaliyogunduliwa kabla dawa haijamfikia mgonjwa. Waliruhusu tuendelee, kwa sharti la kuwapelekea mchanganuo huo kila mwezi. Ni sharti la haki.

25 Mei: Ratiba ya zamu

Kama ningeanza upya, ningeanza hapa. Ratiba yetu ilimruhusu mtu kumaliza zamu ya jioni saa tatu usiku na kurudi saa moja asubuhi, yaani saa 10, na tukiondoa safari na chakula, labda 6 za kulala. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2003 zinataka saa 11 mfululizo za mapumziko kila siku. Tuliichukua saa 11 kuwa chini ya hapo hatushuki.

Rasimu yangu ya kwanza ilitimiza sharti hilo lakini ililundika zamu za usiku kwa wauguzi 6 wasio na watoto wadogo, na hao walikuja ofisini pamoja, kwa adabu, wakaniuliza ni nani aliyewaambia kwamba usiku wao hauna mtu. Waliniambia ukweli. Rasimu ya pili niliwaachia watumishi waichore wenyewe kwa vikao 3, mimi nikitoa masharti tu: saa 11, usiku usiozidi 3 mfululizo, siku 2 kamili baada yake, na ratiba ya wiki 4 kubandikwa wiki 2 kabla. Walifanikiwa kwa kubuni jambo moja ambalo sikulifikiria, la kila mtu kupata usiku 2 kwa mwezi asizoweza kupangiwa.

Gharama: saa 41 za kazi, nyingi zikiwa za kubishana. Hakuna saa zilizotumika vizuri kuliko hizo.

22 Juni: Hali ilivyo sasa

Hesabu ya mapumziko imerudiwa: zamu 29 kati ya 42. Katika sanduku, waliofikiria kuondoka wamepungua hadi chini ya theluthi. Kati ya wauguzi 2 walioomba uhamisho Desemba, mmoja alifuta ombi lake na mwingine aliondoka Aprili; tulimuaga vizuri. Siku za ugonjwa hazijapungua, na simdai mtu yeyote apunguze. Wodi ni moja na muda ni mfupi, hivyo asichukue mtu takwimu hizi kama uthibitisho wa jambo lolote nje ya mlango wetu.

Zamu 13 zilizokosa mapumziko zina sura moja: 11 kati yake ni za usiku. Usiku kuna wauguzi 2 kwa wagonjwa 28, na makabidhiano ya aina yoyote humwacha mmoja peke yake na wote. Hakuna daftari wala kikao kitakachoondoa hesabu hiyo. Nimewasilisha ombi la muuguzi wa tatu wa usiku, nikiambatanisha majedwali yote ya alama tangu Februari, na wakati jibu likisubiriwa tumekubaliana na wodi ya jirani kwamba muuguzi wao mmoja atavuka kwetu kuanzia saa nane hadi saa tisa usiku, na wetu atavuka kwao saa inayofuata. Jaribio linaanza usiku wa tarehe 29. Muuguzi wa ile alfajiri ya Desemba ameomba awe kwenye zamu hiyo ya kwanza.